Zamu Iliyosimama Kwangu

Kabla sijaumwa, hakukuwa na mwanamke katika jumuiya yetu ambaye sikukijua kipimo cha kifua chake. Mimi ni fundi cherehani. Nimeshona sare za kwaya, magauni ya Komunyo ya kwanza na nguo za misiba hapa Sumbawanga kwa zaidi ya miaka ishirini, na tepu yangu imezunguka vifua vya akina mama, vya mabinti zao, na sasa vya wajukuu. Kwa hiyo nilipogusa uvimbe kwenye titi langu la kushoto, mgumu, wa ukubwa wa punje ya haragwe, sikuhitaji mtu wa kuniambia kwamba pale hapakuwa sawa. Nilijua siku ileile. Nikanyamaza miezi minne.

Naandika haya nikiwa mzima. Nywele zimerudi, za kipilipili kuliko za mwanzo, na mkono wa kushoto unanyanyuka mpaka juu ya kabati. Siandiki mambo ya kitabibu, hayo wenyewe wapo. Namwandikia aliyekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi na bahasha ya majibu mapajani. Nawaandikia pia, na pengine zaidi, wale watakaokuja kumtazama mgonjwa huyo wakiwa na upendo mwingi na maswali machache.

Wananiita Mama Oska. Oska mwenyewe ni fundi umeme, yuko Dodoma, na habari zangu alizipata kwa simu tu. Nyumbani nilikuwa na mume wangu Fidelis, seremala, mtu wa maneno machache. Mwisho wa juma alikuwa anakuja binti yetu Anjela, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi kule Matai.

Kwa nini nilinyamaza? Sababu ni ya kijinga lakini nitaisema. Katika jumuiya yetu ndogo mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa wagonjwa. Mtu akiugua, mimi ndiye napanga nani apeleke uji, nani afue, nani afagie uwanja. Basi nilikuwa nayajua maneno tunayosema ndani ya nyumba ya mgonjwa, na nilikuwa nayajua pia yale tunayosema njiani tukirudi. "Mwenzetu amekwisha." "Umemwona shingo?" Mimi mwenyewe nimeyasema hayo, kikapu mkononi, rozari shingoni. Sikutaka kuwa shingo ya kujadiliwa njiani.

Uvimbe niliugundua wakati wa kuvuna mahindi, ile miezi ya upepo ambapo huku kwetu Ufipa juu mtu anavaa koti mchana kweupe. Koti likanisaidia kuficha. Kufikia Oktoba, vumbi limejaa na nyasi zinachomwa kila upande, Anjela alikuja akanikumbatia kwa nguvu kama kawaida yake, nami nikaruka.

"Mama, una nini hapo?"

"Hamna kitu. Sindano imenichoma."

"Sindano ya cherehani inachoma kifuani?"

Alinivuta chumbani, akafunga mlango, akafungua vifungo vyangu mwenyewe kama mimi nilivyokuwa nikimfungulia yeye alipokuwa mdogo. Alipoona ngozi ilivyovutwa kwa ndani, alikaa kitandani. Kisha akanikasirikia. Sijawahi kukasirikiwa na mwanangu namna ile. "Umekaa na kitu hiki tangu lini? Unashonea watu nguo za sherehe na wewe unajishonea sanda?" Baadaye aliniomba radhi kwa neno lile, lakini lilinifaa. Jumatatu yake tulikuwa kwenye basi la Mbeya.

Hospitali kubwa ina benchi nyingi, na mimi nadhani nimekalia zote. Unakaa, mnasogea, unakaa tena. Unajifunza kujua nani ni mgonjwa na nani amesindikiza, kwa sababu aliyesindikiza ndiye anayeonekana kuchoka zaidi. Siku ya kwanza mama mmoja wa Kinyakyusa, kitambaa kichwani, aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, alinitazama kwa makini sana.

"Sumbawanga? Na umekuja kwa basi? Ungo umepata pancha?"

Watu wa Sumbawanga tunataniwa siku zote kwamba ni wachawi, tunaruka usiku kwa ungo. Nilicheka mpaka nesi akachungulia dirishani. Mtani yule, ambaye sikupata hata kumuuliza jina, alinipa nusu ya ndizi yake ya kuchoma na kuniambia kwamba yeye yuko dripu ya tano ya dawa za saratani na bado anakula. Kwangu siku ile hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko yote niliyoambiwa na daktari.

Walilitoa titi lote. Sitaeleza. Nitasema tu kwamba tuliporudi nyumbani sikutaka Fidelis aone, na kwa wiki nzima nilimfukuza chumbani kila nikibadilisha bandeji, mpaka siku moja mkono haukufika na ikabidi nimwite. Aliosha mikono kwa sabuni mara mbili. Alifungua bandeji polepole, akainama, akalitazama kovu kwa jicho la kazi, lile analotazamia mlango kabla hajaukabidhi.

"Wameunga vizuri," akasema.

"Mshono mbaya," nikamjibu. "Mimi ningetumia uzi mwembamba zaidi."

Alicheka, halafu machozi yakamtoka hivyohivyo akiwa anacheka, akayafuta kwa bega maana mikono ilikuwa safi. Tangu siku hiyo kazi ya bandeji ikawa yake.

Mvua zilipoanza na watu wakaingia kupanda, nikaanza dripu. Nilipangiwa sita, kila baada ya wiki tatu. Hii ndiyo hesabu unayotakiwa kuikumbuka, kwa sababu daktari alituambia wazi, mimi na Fidelis tukiwa mbele yake: ukiishia katikati, ugonjwa unaweza kurudi na ukirudi utakuja na hasira. Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani ni jambo la kuitikia tu.

Dripu ya kwanza ilinitapisha siku nne. Baada ya ya pili nywele zilianza kudondoka, na ziliniacha vibaya, maana nilikuwa nimeinamia gauni jeupe la Komunyo. Niliona uzi mweusi juu ya kitambaa, nikautoa. Nikaona mwingine. Nikapapasa kichwa, nikatoka na fungu zima kiganjani. Nililikunja gauni nikaliweka kando, nikamwomba Anjela aninyoe. Habari zikafika dukani kwa Bwana Salum anayeniuzia vitambaa, naye akatuma mtandio laini wa pamba pamoja na salamu: "Mwambieni fundi arudi haraka, sina mtu wa kugombana naye bei." Niliuvaa mtandio ule mpaka ukachuja rangi.

Kila chakula kilikuwa na ladha ya misumari. Kitu pekee kilichopita kooni ni uji wa ulezi wenye ndimu, na uji huo ulikuwa unatoka kwa jirani yangu Mama Kalista, mwenyekiti wa jumuiya, ambaye uwanja wake na wangu umetenganishwa na ukuta wa matofali mabichi tu. Lakini uji ulikuwa unaishia getini. Kila asubuhi nilisikia sauti yake, "Hodi, Baba Oska, chupa hii hapa," kisha nyayo zinarudi. Haingii. Mimi na Kalista tumezaa miaka ileile, tumezikiana wazazi, na sasa anaacha chupa ya uji getini anaondoka. Nilianza kujinusa. Kidonda kilikuwa kimeshafunga lakini nilijinusa kila mara, kwapani, kwenye nguo, kwenye shuka.

Sasa niwaeleze zamu. Jumuiya yetu hukutana kila Jumamosi saa kumi jioni, nyumba kwa nyumba. Nyumba kumi na nane, zinafuatana kama zilivyopangana mtaani, na hakuna anayerukwa. Hata mwenye chumba kimoja cha kupanga tunamwendea, tunakaa nje. Siku ya zamu yako unafagia, unaweka meza yenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na maua, hata kama ni ya porini. Wanakuja, ngoma inapigwa, mnaimba, mnasoma Injili, kila mmoja anasema kilichomgusa, mnatoa nia. Zamu inatoka kwa Kalista, inakuja kwangu, inakwenda kwa katekista wetu, Mzee Osward. Ndivyo ilivyo tangu nimeolewa mtaa huu.

Zamu yangu iliangukia Jumamosi ya kwanza baada ya dripu ya tatu, katikati ya Januari. Sikuwa na nguvu, lakini nilimwambia Anjela apange mabenchi. Alinikunjia uso, akasema, "Mama, una uhakika wanakuja?" Nilimwambia anyooshe kitambaa. Shule zilikuwa zimefunguliwa, ikabidi awahi gari la Matai. Nikabaki peke yangu. Fidelis alikuwa amesema anakwenda kumalizia kitanda cha mteja. Nilivaa gauni la kitenge, upande wa kushoto nikaweka leso zilizokunjwa ili lijae, nikafunga mtandio wa Bwana Salum. Nikawasha mshumaa.

Saa kumi ikapita. Nilisema wamechelewa kwa sababu ya matope. Saa kumi na moja ikapita. Nilisikiliza ngoma, maana siku zote unaisikia ngoma kabla hujawaona watu, na sikusikia chochote, si kwangu, si kwa Mzee Osward, si popote. Mshumaa ukafika nusu. Nikauzima kwa vidole ili usiishe bure.

Fidelis alirudi jua likizama. Alisimama mlangoni, akaona meza, akaona mabenchi, akaniona mimi.

"Hawakuja," nikasema.

"Labda wamepata dharura."

Alikuwa na unga wa manjano mabegani, ule wa mbelewele za mahindi. Mimi ni fundi, naona nguo ya mtu kabla sijamwona mtu. Nikajiuliza kitanda cha mteja kinatengenezewa shambani tangu lini, lakini nilikuwa nimechoka kuuliza. Alirudisha mabenchi mahali pake bila kuniangalia.

Jumamosi iliyofuata, kimya. Na iliyofuata, kimya. Basi nikahitimisha mwenyewe. Wameniruka. Nyumba kumi na saba sasa. Nilikumbuka maneno yetu ya njiani, "mwenzetu amekwisha," nikaona kwamba safari hii hawakusubiri hata kuingia ndani kwanza. Nitasema ukweli: maumivu ya kisu sikuyalilia, ila haya niliyalilia. Nililia asubuhi, nikifungua chupa ya uji wa mtu asiyetaka kuniona.

Ilipofika siku ya kwenda dripu ya nne, Fidelis alikuwa ameshapakia begi. Nilikaa kitandani sikuvaa viatu.

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Nimechoka. Nendeni ninyi."

Alidhani ni utani. Alipoona si utani, akasema gari litatuacha, nami nikasema lituache. Likatuacha. Alikwenda nje akakaa kwenye gogo lake la kupigia randa, na hakupiga randa siku hiyo. Jumanne, ambayo ningekuwa na sindano mkononi Mbeya, nilikuwa nimelala nikitazama ukuta. Na nilijua kabisa ninachofanya. Daktari alisema ugonjwa unaweza kurudi. Nikasema moyoni, na urudi, wenye jumuiya yao wameshanizika.

Anjela alipata ruhusa akaja Jumamosi mchana. Hakufoka safari hii. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, akashika miguu yangu, kucha zilikuwa zimekuwa nyeusi kwa dawa, akawa anazisugua kwa mafuta.

"Mama, niambie mimi. Ni dawa, au kuna kingine?"

Nikasema yote. Chupa za getini. Mshumaa. Zamu. "Wameniruka, Anjela. Miaka yote nimewabeba hawa watu mgongoni, na mimi nimeanguka wamepita pembeni. Nikapone niende wapi?"

Fidelis alikuwa amesimama kwenye mlango na kikombe. Alikiweka chini.

"Ni mimi," akasema.

Tukamtazama.

"Nesi aliniambia siku ile ya kwanza. Dawa zinaua nguvu ya mwili, usikae kwenye mkusanyiko, kikohozi cha mtu mmoja kinaweza kukuua. Nikamwambia Mama Kalista. Nikamwambia asikuambie, maana ninakujua. Ungesema waje, ungepika na chai."

"Kwa hiyo wameniruka kwa sababu yako."

"Hawajakuruka." Alitazama saa yake. "Inuka. Vaa viatu."

Alinishika mkono huu mzima, Anjela akashika kiuno, tukatoka mlango wa nyuma. Nyuma ya nyumba yetu na ya Kalista kuna shamba la mahindi, na mwezi ule wa pili mahindi yalikuwa yamepita kichwa. Kwenye kona ukuta umebomoka kidogo kwa mvua, pana pengo la kutosha kichwa. Fidelis akanisimamisha pale.

Walikuwepo wote kwenye uwanja wa Kalista. Mzee Osward na kofia yake magotini. Mama Kulwa, yule wa familia ya wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, na mtoto mgongoni. Wapiga ngoma wetu wawili, wazee wenye makelele siku zote, ngoma zimelala ubavuni na wao wanapiga mapajani kwa vidole. Na walikuwa wanaimba, lakini midomo imefumbwa. Mvumo tu. Ungepita barabarani usingeusikia. Hata mimi hatua ishirini nilikuwa sijausikia Jumamosi nne. Nilichoona baadaye kidogo ni mabenchi. Kwa kawaida mabenchi yanatazama nyumba ya mwenye zamu. Pale walikuwa wameipa mgongo nyumba ya Kalista. Wote walikuwa wametazama ukuta wangu.

Walipomaliza, Mzee Osward alisimama akasema kwa sauti ya chini, kama anavyotangaza siku zote: "Leo zamu ni ya Mama Oska. Tuanze kwa nia zake."

"Leo?" nikamnong'oneza Fidelis. "Zamu yangu ilikuwa Januari."

"Ilipofika kwako, Mzee Osward alikataa kuipokea kwake. Alisema haiwezi kumpita mgonjwa. Imesimama kwako. Itasogea ukipona."

Ule unga wa manjano mabegani mwake. Kumbe Jumamosi ile niliyowasha mshumaa, mume wangu alikuwa hapa ng'ambo ya ukuta, anavuma midomo imefumbwa, na mimi nasikilizia ngoma. Wote walikuwa wanapitia kwenye mahindi ili nisisikie nyayo. Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumkumbatia, na kwa kuwa mkono mmoja tu ndio uliokuwa na nguvu, nilimshika shati.

Nikapitisha kichwa kwenye pengo. "Tumsifu Yesu Kristo!"

Vichwa vyote vikainuka. Kisha mtu akajibu, "Milele na milele, amina," na Kalista akapiga yowe, akaja mbio mpaka hatua tano kutoka ukutani, akasimama ghafla, akajishika mdomo kwa kanga.

"Usisogee! Nina mafua!"

"Kalista, ndiyo sababu unaacha chupa getini?"

"Sasa ningeingia nikuue? Baba Oska alituapisha."

"Mimi nilidhani nanuka."

Alinitazama, akaishusha kanga kidogo. "Wewe mwanamke," akasema, "tangu lini ukinuka mimi nikashindwa kukuambia?"

Hapo wakacheka, nami nikacheka, nikilia. Mzee Osward akauliza, kwa adabu zake zilezile, kama mgonjwa angependa waendelee taratibu au wafunge. Hakuna aliyewahi kuniuliza ninachotaka miezi yote ile. Fidelis alinipangia, Kalista alinipangia, na mimi kwa upande wangu niliwapangia wao mawazo ambayo hawakuwa nayo. Lilikuwa swali la kwanza.

"Imbeni," nikasema. "Imbeni kwa mdomo wazi. Na hizo ngoma ziinueni."

"Kwaresima ya kutopiga ngoma haijafika kweli," Kalista akasema, "lakini sisi tulishaianza kwa ajili yako."

Waliinua ngoma. Mimi nilikaa kwenye kiti ndani ya mahindi yangu, wao upande wao wa ukuta, na waliimba mpaka kuku wa Kalista wakakimbia. Fidelis aliimba pia, kwa sauti yake mbovu. Jumatatu nilivaa viatu mwenyewe.

Daktari alikunja uso kwa wiki ile iliyopotea, akanipima damu, akaniruhusu. Nilimuuliza kuhusu mkusanyiko. Akasema ndani ya chumba hapana, lakini nje, hewani, kwa nafasi, wasio na mafua, hakuna ubaya. Kumbe jibu lilikuwepo muda wote, halikuwa na mtu wa kulitafuta. Dripu ya nne, ya tano, ya sita. Katika ile ya tano Kalista alinisindikiza badala ya Fidelis, akagombana na kondakta kutoka Laela mpaka Tunduma kwa ajili ya dirisha, na mimi nikalala begani kwake. Kwenye benchi nilimtafuta mtani wangu wa ungo, sikumwona. Nilisali kwamba alikuwa amemaliza zake.

Pasaka nilikwenda kanisani kwa miguu yangu. Jumamosi iliyofuata zamu ilisogea, ikaenda kwa Mzee Osward, na mimi ndiye nilibeba mshumaa kuupeleka, kile kipande kilichobaki nusu.

Neno moja la ufundi, kwa waliotolewa titi kama mimi. Leso zilizokunjwa zinapanda shingoni. Pamba ni nyepesi, gauni linakaa upande. Nilijaribu maharage, yakawa na vinundu, Fidelis akasema nimebeba kifuko cha mbegu. Mwishowe nilishona mfuko mdogo wa kitambaa laini, nikajaza ulezi, nikaushona ndani ya sidiria. Unalala vizuri, una uzito wa titi, na unapata joto la mwili. Ubadilishe ulezi mara kwa mara, wadudu wanaupenda.

Mwaka huu wakati wa kuvuna, Mama Kulwa alirudi kutoka Mbeya. Operesheni ni ileile. Jumamosi tukakaa kuzungumza, na kila mtu alikuwa na upendo wake mkononi. Mmoja akasema tumwache apumzike. Mwingine akasema hapana, twende wote na ngoma, Mama Oska alipenda ngoma. Kalista akanitazama.

"Mmemuuliza?" nikasema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Nilivaa koti nikaenda. Kwao ni pembezoni, karibu na zizi. Nilisimama getini, nikabisha hodi, nikamkuta amekaa juani na blanketi mabegani. Nilimpa mfuko wa ulezi niliomshonea. Aliupima kiganjani.

"Mimi Msukuma, Mama Oska. Ungenijazia mchele."

"Mchele utaupika."

Alicheka kidogo, akashika kifua kwa maumivu. Nikangoja yapite. Kisha nikamwambia kwamba wenzake wanangoja, wanataka kuja, nikamuuliza kama wakija waimbe au wasiimbe, waingie au wakae nje.

Alitazama zizini. Ng'ombe walikuwa wanarudi, vumbi limetanda.

"Waje," akasema. "Wakae hapa nje. Lakini wasiimbe. Wala wasinisalie kwa sauti, leo sitaki kusikia jina langu. Wakae tu."

Tulikuja, na mabenchi yetu. Tulikaa mbele ya nyumba yake watu wa nyumba kumi na nane, ngoma tumeziacha. Hakuna aliyesema kitu. Kalista alikuwa anajiuma midomo, kunyamaza kwake ni kazi ngumu kuliko kulima. Mama Kulwa alifumba macho akiwa amekaa katikati yetu, na baada ya muda niliona mabega yake yameshuka.

Tulipoinuka kuondoka alifumbua macho.

"Jumamosi ijayo ni zamu ya nani?"

Kwa mpangilio ilikuwa ya Kalista. Mzee Osward alivaa kofia yake, akaliinua benchi lake, halafu akalirudisha chini palepale lilipokuwa.

"Ni yako," akasema.